OSPF kati ya Unguja na Pemba: msome jirani kabla ya kugusa ruta

Una ruta mbili za Cisco, moja ofisi ya Mji Mkongwe, moja Chake Chake, na katikati intaneti ya kawaida. Unataka kompyuta za Chake zifike kwenye seva ya Unguja bila ya wewe kuandika njia kwa mkono kila mtandao mpya unapoongezwa. Tutapitisha tuneli ya GRE, yaani njia ya kubeba pakiti (vifurushi vya data) za ofisi ndani ya pakiti nyengine juu ya intaneti, kisha OSPF juu yake, itifaki inayozifanya ruta zifundishane njia zenyewe. Ruta ya upande wa pili inayozungumza OSPF na yako ndiye jirani. GRE haifichi kitu; kama zinapita taarifa za watu, ifunge kwa IPsec, inayozificha zisisomeke njiani, ila hilo ni darasa jengine.

Hatua ya 1: tuneli

Upande wa Unguja (anwani za 203.0.113 ni za mfano tu; ip mtu, yaani MTU, ni ukubwa wa juu wa pakiti):

interface Tunnel0
 ip address 172.16.0.1 255.255.255.252
 ip mtu 1400
 tunnel source GigabitEthernet0/0
 tunnel destination 203.0.113.20

Chake andika hivyo hivyo, anwani iwe 172.16.0.2 na tunnel destination iwe anwani ya nje ya Unguja. Usidanganyike ukiona tuneli inasema up/up, yaani imesimama. Ya GRE husema hivyo hata ruta ya pili ikiwa imezimwa. Piga pingi (ping, ujumbe wa kupima kama upande wa pili unajibu) 172.16.0.2 ndipo uamini.

Hatua ya 2: OSPF

router ospf 1
 router-id 1.1.1.1
 network 172.16.0.0 0.0.0.3 area 0
 network 10.10.0.0 0.0.0.255 area 0
 passive-interface GigabitEthernet0/1

Chake router-id, yaani kitambulisho cha ruta, iwe 2.2.2.2 na mtandao wa ofisi uwe 10.20.0.0. Ile 1 baada ya neno ospf ni ya ndani ya ruta, si lazima ifanane. Eneo, yaani area, ndilo lazima lifanane, na router-id lazima zitofautiane. Passive-interface inazuia ruta isibishe hodi (ujumbe wa Hello wa kutafuta jirani) kwenye kompyuta za ofisini, ambako hakuna wa kuitikia.

Mtandao wa anwani ya nje usiuweke humu hata kidogo. Ukiuweka, ruta itajifunza kwamba njia ya kufikia mwisho wa tuneli ni kupita ndani ya tuneli yenyewe, na tuneli itakuwa inaanguka na kusimama mchana kutwa.

Hatua ya 3: msome jirani

show ip ospf neighbor

Mafundi wengi wakiona haikwenda hufuta kila kitu waanze upya. Amri hii moja inakwambia mazungumzo yamekwama wapi: soma safu ya State, na ukiona FULL ujue ujirani umekamilika.

Hakuna jirani kabisa: hodi haijafika, au imefika ikakataliwa. Linganisha eneo, nywila kama ipo, na muda. Kwenye tuneli OSPF hubisha hodi kila sekunde 10 na humhesabu jirani amekufa baada ya 40. Kwetu mtu hubisha mara tatu akaenda zake. Hii inavumilia nne. Aliyebadilisha muda upande mmoja tu ameuvunja ujirani. Tazama kwa show ip ospf interface Tunnel0.

INIT: wewe umesikia hodi yake, yeye hajaonesha kwamba ameisikia yako. Kuna kizuizi cha upande mmoja. Kagua orodha za ruhusa: kwa nje iruhusiwe itifaki namba 47, ya GRE, kwenye tuneli iruhusiwe 89, ya OSPF.

EXSTART au EXCHANGE, na haisogei: hapa nilipoteza siku mbili. Nilikuwa Chake, mwenzangu Mji Mkongwe, simu sikioni. Pingi inapita, eneo moja, nywila moja, na jirani anaonekana. Tukabadilisha nywila mara tatu. Jioni ya pili akaniuliza:

"Shekhe, hebu nisomee MTU ya huko."

Nikaandika show ip interface Tunnel0 | include MTU. "Elfu moja na mia nne."

"Mimi huku 1476."

Nikanyamaza. Ile 1400 nilikuwa nimeiweka mwenyewe wiki moja nyuma na sikumwambia. Ruta zikianza kubadilishana orodha za njia, kila moja hutaja ukubwa wa pakiti inayoweza kutuma. Yenye 1400 ikitajiwa 1476 huikataa ile orodha, na pingi ndogo wala haihusiki. Akaandika ip mtu 1400 na kwake, na sekunde chache tukaona FULL. Ipo amri ya ip ospf mtu-ignore inayonyamazisha ugomvi huu. Mimi siipendi: ujirani utakamilika, lakini pakiti kubwa zitaendelea kupotea njiani na utalaumiwa kwamba faili hazifunguki.

Hatua ya 4: hakikisha, kisha hifadhi

Chake, show ip route ospf ikupe mstari kama huu:

O 10.10.0.0/24 [110/1001] via 172.16.0.1

Ile 1001 ni gharama ya njia, isikutishe: ruta inaidhania tuneli ina kasi ya kilobiti 100 tu. Kama njia ni hiyo hiyo moja, iache.

Sasa andika copy running-config startup-config pande zote mbili, kabla hujaondoka kitini. Umeme ukikata usiku na hujahifadhi, asubuhi ruta itaamka haijui kitu, na wewe uko kwenye boti.