Chungu kinachojimwagilia kutokana na chupa ya plastiki

Kata chupa ya lita 1.5 juu kidogo ya katikati, ili sehemu ya chini ibaki ndefu. Shika msumari wa moto kwa koleo, utoboe kifuniko, pitisha utambi wa pamba wa sentimita 20, kisha ukifunge. Pindua sehemu ya juu, iketishe ndani ya ile ya chini. Utambi uguse maji yaliyo sehemu ya chini, na juu uzame hadi katikati ya udongo; ukiishia kifunikoni, mche utakauka. Mwanzoni mwagilia kwa juu, maana utambi mkavu hauvuti maji vizuri. Usijaze maji ya chini hadi yaufikie udongo wenyewe, mizizi itaoza. Sehemu ya maji izungushie karatasi nyeusi: mwanga huleta ukoga wa kijani.