Kabla ya Kujilaza Mchana wa Wikendi: Mambo ya Kuzingatia ili Usiku Usije Ukaharibika

Usingizi wa mchana huharibu usiku kwa njia mbili: kuuanza umechelewa, au kuuacha ukajiendea wenyewe bila kikomo. Yote mawili huamuliwa kabla kichwa hakijagusa mto, maana ukishapitiwa huna tena la kuamua.

Mwaka 1982 mtafiti wa usingizi Alexander Borbély alieleza kwamba kulala kwetu kunaendeshwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni hamu ya usingizi inayojengeka tangu unapoamka. Kadiri unavyokaa macho ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyozidi kujikusanya kwenye ubongo, na ukilala inapungua. Ya pili ni saa ya mwili, ambayo haijali umelala kiasi gani. Ukilala mchana unachota kutoka kwenye akiba ileile ya hamu utakayoihitaji usiku. Dakika 20 huzioni zimekwenda wapi. Ukichota usingizi wa muda wa saa mbili jioni, saa 6 usiku utakuwa unaitazama dari, viungo vimechoka na macho makavu.

Maandalizi huanza asubuhi. Ukiamka saa 4 kwa sababu ni Jumamosi, saa 8 mchana mwili bado mchangamfu, na usingizi unakuja kukubisha hodi saa 11 jioni, wakati mbaya kuliko yote. Amka saa yako ya kila siku, au uizidishe kwa saa moja tu. Kama wiki imekunyima usingizi, ni afadhali deni hilo ulilipe mchana kuliko kulala hadi jua lipande na kuisukuma mbele saa ya mwili.

Kisha piga hesabu kwa kurudi nyuma. Chukua saa unayotaka kulala usiku, utoe saa 7: huo ndio mwisho wa kuamka kutoka usingizi wa mchana. Anayelala saa 4 usiku awe ameamka saa 9 alasiri. Anayelala saa 6 usiku ana nafasi zaidi kidogo. Kwa wengi, dirisha zuri liko kati ya saa 7 na saa 9 mchana, kwa kuwa hapo saa ya mwili yenyewe hulegea. Ulegevu huo humpata hata aliyeruka chakula cha mchana. Shibe huuongeza tu. Dirisha likishapita, liache lipite. Tembea, oga, subiri usiku.

Urefu ndipo wengi wanapokosea. Chagua dakika 20 au dakika 90, na uepuke katikati. Katika dakika 20 za mwanzo uko kwenye usingizi mwepesi, na kutoka humo ni rahisi. Kuanzia kama dakika 30 ubongo huzama kwenye usingizi mzito, na anayeamshwa humo huinuka na alama za mto shavuni, mdomo mkavu, hajui kama ni asubuhi au jioni. Uzito huo wa kichwa hukaa dakika 15 hadi 30, wakati mwingine hata saa nzima, na mtu hudhani bado hajalala vya kutosha, kumbe amekatizwa mahali pabaya. Dakika 90 hukaribia mzunguko mmoja kamili, kwa hiyo unaibukia tena kwenye usingizi mwepesi. Lakini zinachota sana. Ziweke kwa Jumamosi iliyofuata wiki ya kukesha, na uanze saa 7 mchana. Jumapili zisikuzidi dakika 20, kwa sababu usiku wake ndio unaokupeleka kwenye saa ya kuamkia kazini.

Kengele ya simu iweke kabla ya kulala chini, na uongeze dakika 5 hadi 10 za kuutafuta usingizi: kwa dakika 20, tega dakika 30. Simu ikae mbali kiasi cha kukulazimisha usimame. Ikiwa mkononi utabonyeza kitufe cha kuahirisha, na lepe la pili ndilo linalokuzamisha. Kama kuna mtu nyumbani, mwambie saa ya kukuamsha, umwombe asikuonee huruma.

Mahali napo pana maana. Kwa usingizi mfupi kochi linatosha, na ni bora kuliko kitanda: mgongo umeinuka kidogo, shuka nyepesi, pazia nusu, nguo zilezile za mchana. Kwa dakika 90 nenda kitandani, ufunge pazia lote. Televisheni izimwe. Nenda msalani kwanza, na ukishakula kingi ngoja kwanza chakula kishuke, la sivyo kiungulia ndicho kitakachokuamsha.

Kahawa ina matumizi yake hapa. Kafeini huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, kwa hiyo ukinywa kikombe kimoja ndipo ujilaze, unaamka nayo ikianza kukushika. Ila nusu yake bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi. Kama unalala saa 4 usiku na saa 8 mchana imeshapita, iache.

Kengele ikilia, simama kwanza. Nawa uso, toka nje kwenye mwanga wa jua kwa dakika 10. Usishike usukani kichwa kikiwa bado kizito. Na kama usingizi haukuja kabisa, inuka vilevile. Mwili umepumzika, na kujiongezea muda wa kuusubiri ni kusogelea jioni.

Ikitokea umepitiwa hadi saa 11 jioni, usijilazimishe kitandani saa 4 usiku kana kwamba hakuna kilichotokea. Utagaagaa, na kugaagaa huzaa wasiwasi unaofukuza usingizi zaidi. Punguza mwanga wa nyumba, ukae hadi macho yawe mazito kweli, hata kama ni saa moja baadaye, lakini asubuhi uamke saa yako ileile. Upungufu huo ndio utakaokulaza mapema usiku unaofuata.

Wako ambao ushauri huu hauwahusu. Anayehangaika kupata usingizi usiku mara kwa mara aache kabisa kulala mchana kwa wiki kadhaa, hamu yote ibaki kwa ajili ya usiku. Na anayelala kwa muda wa saa 7 au 8 kila usiku lakini bado anasinzia mchana, hasa kama anakoroma kwa nguvu na wenzake humsikia pumzi ikikatika usingizini, aende hospitali akachunguzwe. Huyo hata akilala kila alasiri, pumzi itaendelea kumkatikia usiku.