Somo: Kupima usalama wa shule yako na kufikisha barua kwa mwenye pesa

Wakuu wa shule, mabodi na wazazi wa PA (chama cha wazazi), hamjambo. Hii somo ni ya shule za umma, hasa huku kwetu kuanzia Nakuru, Kisumu mpaka Kakamega na Bungoma. Sisi tunaulizwa na kila mtu na pesa hatuna, silaha yetu ni karatasi tu. Siku mambo yakiharibika swali litakuwa moja: ulijua? Na kama ulijua, ulimwambia nani? Ukisema "nilimpigia ofisa simu" hiyo haikusaidii popote.

Hatua ya 1: Shika tepu upime

Usianze na mkutano. Chukua tepu ya fundi, chukua daftari, zunguka na mwalimu wa zamu na mzazi mmoja. Mwongozo wa usalama wa wizara ya elimu wa 2008 uko kwa ofisi nyingi, chini kabisa ya mafaili, utoe. Kwa bweni unasema kitanda na kitanda viachane mita 1.2, njia ya katikati iwe mita 2, mlango upana futi 5 na ufunguke kwa nje, usifungwe kwa nje watoto wakiwa ndani, kila mwisho wa bweni uwe na mlango na wa dharura uwe katikati, na madirisha yasiwe na grili.

Andika ulichokiona. Sio "bweni haliko sawa", hiyo haiambii mtu kitu. Andika "mlango futi 3, unafunguka ndani, kufuli iko nje, funguo iko kwa soja". Sentensi kama hiyo hakuna ofisa ataisoma halafu aiweke chini ya kikombe cha chai.

Kuhusu grili najua mtaniambia wezi wa magodoro. Shule ya Kyanguli kule Machakos, Machi 2001, vijana 67 walikufa kwa moto bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, watoto 21. Godoro linanunuliwa, bwana.

Shule za kutwa msijione mko salama. Kakamega Primary, Februari 2020, haikuwa moto, watoto walikanyagana kwa ngazi wakienda nyumbani na zaidi ya 10 wakafa. Kama una ghorofa, simama hapo chini kengele ikilia uangalie kwa macho yako. Kuachilia darasa moja moja na mwalimu akisimama kwa kila kona ya ngazi hakuna gharama yoyote, anza Jumatatu.

Hatua ya 2: Ingiza kwa minitsi (kumbukumbu za mkutano) za bodi

Wakuu wengi wanabeba huu mzigo peke yao na sijui ni nani aliwaambia. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 59, imeipa BOM (bodi ya usimamizi wa shule) kazi ya kuhakikisha usalama wa wanafunzi, walimu na wafanyikazi wengine. Kwa hivyo kila shida uliyopima ipate namba ya minitsi, nani atafanya, na lini. Zile ndogo mmalize wenyewe kwa pesa ya marekebisho, mfano kugeuza mlango ufunguke nje ni kazi ya fundi mmoja. Primary tunapewa na serikali shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, na hiyo ikifika, kwa hivyo kubwa zote mtazitafutia mwenye mzigo.

Hatua ya 3: Jua mwenye mzigo

Hapa ndio barua nyingi hufia. Shule ya msingi na sekondari ni za serikali kuu, peleka kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Lakini zimamoto na majanga ni kazi ya kaunti, iko kwa Katiba Jedwali la Nne, pamoja na darasa la chekechea lililo ndani ya uwanja wako. Ofisa wa afya ya umma pia ni wa kaunti, mwite akague choo na jikoni akuandikie ripoti, maana ripoti yake ina nguvu kuliko malalamiko yako. Bweni jipya, madarasa, ukuta, hiyo ombea NG-CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge). Barua moja, ombi moja. Ukichanganya choo, kinga ya radi, ukuta na madawati kwa ukurasa mmoja kila mtu atasema sio yake.

Hatua ya 4: Nakala mbili, muhuri

Nakala moja ya barua inabaki kwa ofisi, moja inarudi na muhuri wa kupokea na tarehe. Wakinyamaza, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: omba kwa maandishi ripoti ya ukaguzi au orodha ya miradi iliyotengewa pesa, wana siku 21 kujibu, na kama ni jambo la uhai wa mtu ni saa 48. Andika kwa adabu. Ukali uko kwa tarehe, sio kwa maneno.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Ahero: Mafuriko yakija familia zinahamia madarasani, mimi nifanye nini na vijana wana mtihani?
Jibu: Pole mwalimu. Huwezi kufukuza watu kwa maji. Ila andikia chifu na kaunti kabla ya mvua, mkubaliane ni madarasa gani, nani analinda usiku, choo gani ni cha wageni na kipi cha watoto. Rejista na vitabu vipandishe juu mapema.

Mama PA, Njoro: Shule inataka kila mzazi alipe pesa ya ukuta na mtoto asiyelipa anarudishwa. Ni halali?
Jibu: Kurudisha mtoto hapana. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinataka mchango wowote uwe na idhini ya waziri akishauriana na bodi ya elimu ya kaunti, risiti rasmi, na hakuna mtoto anazuiwa shule kwa kutolipa.

Naibu, Mumias: Wazazi wenyewe wanatuambia tuchape watoto.
Jibu: Mzazi hawezi kukupa ruhusa ya kuvunja kifungu cha 36 cha sheria hiyo hiyo, kinachokataza kuchapa. Faini mpaka 100,000 au jela miezi 6, au zote. Na siku mtoto ataumia huyo mzazi ndiye atakuwa wa kwanza polisi.

Mwalimu, Vihiga: Mwenzetu ametajwa na msichana kwa mambo ya ngono, wazee wanataka tumalizie nyumbani.
Jibu: Usikubali hata kikao kimoja. Waraka wa TSC (tume ya walimu) namba 3 wa 2010 unakupa saa 24 kuripoti, na ukifunika unaingia kwa nidhamu na wewe. Polisi, TSC, na simu ya watoto 116 ni ya bure. Msichana asiitwe mbele ya wazee kuulizwa upya.

Mkuu, Molo: Nikiandika hizi barua si nitapewa transfa?
Jibu: Ndio maana nikasema bodi. Wewe ni katibu wa BOM, unaandika, mwenyekiti anaweka sahihi, na namba ya minitsi inakaa pale juu. Hapo wanajibizana na bodi nzima.