Jinsi ya kufungua kesi ya kupinga uchaguzi wa mbunge Kenya

Ubishi ukizuka iwapo fulani ni mbunge halali, mwenye neno la mwisho si Spika wala tume ya uchaguzi. Ibara ya 105 ya Katiba imeipa kazi hiyo Mahakama Kuu. Mahakama Kuu, narudia, si Mahakama ya Juu. Watu huzichanganya kila msimu wa uchaguzi.

Si lazima uwe mgombea aliyeshindwa. Mpiga kura wa eneo bunge hilo naye anaweza kufungua kesi.

Kabla hata ya kumtafuta wakili, hesabu siku. Una siku 28 tangu matokeo yatangazwe. Yatangazwe na nani? Sheria ya Uchaguzi ilikuwa ikihesabu kuanzia jina linapochapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwaka 2014, katika kesi ya Hassan Joho na Suleiman Shahbal kuhusu ugavana wa Mombasa, Mahakama ya Juu ilikitupa kifungu hicho: saa huanza kuyoyoma msimamizi wa uchaguzi anapotangaza mshindi na kumpa cheti. Anayesubiri Gazeti anajichimbia kaburi.

Kisha andaa ombi lenyewe pamoja na hati za kiapo za mashahidi. "Kura ziliibwa" haitoshi. Taja kituo, taja fomu ya matokeo, onyesha tarakimu zinapopishana. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi hakifuti uchaguzi kwa kasoro yoyote tu. Jaji atataka kuona kwamba misingi ya Katiba ilikiukwa au matokeo yaliathirika.

Ukishawasilisha, una siku 10 za kuweka dhamana ya gharama: Sh500,000 kwa kesi ya mbunge. Fedha hizo zitafute mapema, maana usipozilipa mahakama inaweza kuitupa kesi bila kumsikiliza shahidi hata mmoja. Washtakiwa nao wapate nakala ndani ya siku 15. Mbunge akikukwepa usihangaike kumvizia getini. Katiba inakuruhusu kutangaza katika gazeti linalosambazwa kote nchini.

Hukumu hutolewa ndani ya miezi sita. Muda wote huo unayempinga anaendelea kuketi bungeni, kupiga kura na kupokea mshahara. Usiporidhika, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Rufaa, na huko husikilizwa hoja za kisheria pekee. Ushahidi uliosahau kuuleta mwanzoni hauna nafasi tena.