Pampu ya tangi la samaki ikishikwa na barafu

Mwanza, nilikokulia, barafu tulikuwa tunainunua ili sangara wasioze. Hapa Minnesota, Marekani, inakuja bure, na inapenda kuanzia kwenye pampu ya lile tangi la kwenye boti la kuwekea samaki wakiwa hai. Oktoba moja nilifika ziwa Mille Lacs alfajiri, nikawasha swichi: kimya. Jana yake nilikuwa nimemwaga tangi nikajiona mjanja, kumbe maji yamebaki kwenye mpira wa kupitishia maji, na usiku baridi ilishuka hadi nyuzi 5 chini ya sifuri.

Nikawasha tena, na tena. Wewe usijaribu. Impela, kile kigurudumu chenye mapezi kinachosukuma maji, ikiwa imeganda, mota haizunguki lakini umeme unaendelea kuingia, kwa hiyo ama fyuzi inakatika ama mota inaungua. Mimi fyuzi iliniokoa.

Zima swichi kwanza. Chukua maji ya uvuguvugu, yale unayoweza kutia mkono, umwagie pampu na mpira wake polepole. Maji yanayochemka yanapasua plastiki iliyoganda. Moto wa gesi usiusogeze kabisa, kuna petroli humo ndani.

Barafu ikishayeyuka, pima. Betri ya volti 12 iliyojaa chaji, ikiwa imetulia bila kuchajiwa wala kutumika, inasoma kama volti 12.6. Halafu pima kwenye nyaya za pampu swichi ikiwa imewashwa. Umeme haufiki? Angalia fyuzi, kisha viungo vya nyaya. Vyangu vilikuwa vimesokotwa na kufungwa utepe, ndani kijani kitupu. Kata, unga upya kwa viungio vya kubana vyenye ganda linalosinyaa kwa joto. Umeme unafika na pampu haigeuki? Pampu nyingi kichwa chenye mota kinachomoka kwa kukizungusha kidogo, huhitaji kung'oa kitako chake. Kichungulie: impela ikiwa imekatika pezi au mota imekufa, nunua kichwa kipya.

Inazunguka lakini maji hayaji? Mara nyingi ni hewa imenaswa. Ukiwa majini, rudisha boti nyuma kidogo ili maji yasukumwe kwenye tundu la kuingilia.

Sasa nyufa, na hapa usiwe na haraka. Maji yakiganda huvimba kwa karibu asilimia 9, na mpira hupasuka pale ulipolegea chini, maji yanapotuama. Wangu ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Niliugundua kwa kidole, si kwa macho. Nilikata kipande, nikaweka kiungio na klipu mbili za chuma cha pua. Ufa ukiwa kwenye kitako kinachopita ubavuni mwa boti, usiishushe ziwani. Itajaa maji. Jaribu kila kitu nyumbani, boti ikiwa juu ya trela.

Ukitoka ziwani, inua pua ya boti, fungua vali zote, toa kizibo cha kumwagia maji, washa pampu sekunde mbili iteme mabaki. Kizibo hata hivyo sheria ya hapa inataka kiwe nje ukiwa barabarani, kwa sababu ya kome wa zebra, kome wadogo wavamizi wanaosambaa ziwa hadi ziwa kwa maji yanayobaki botini, waliogunduliwa Mille Lacs 2005.

Kwa majira yote ya baridi, pitisha dawa ya kuzuia kuganda ya propilini glikoli, ile ya pinki. Ile ya rejeta ya gari ni sumu. Machipuko yakifika, suuza tangi mara mbili tatu kabla hujatia samaki.