Simama Hatua Ngapi Kutoka kwa Chupa?

Mwanagenzi mpya akija kwenye kibanda changu cha ushonaji hapa soko la Kibuye, Kisumu, simpi mkasi siku ya kwanza. Naweka chupa tupu ya soda sakafuni, namkabidhi pete tano nilizosokota kwa mabaki ya kitenge: "Rusha ziingie shingoni. Simama popote." Kisha najifanya natia uzi kwenye sindano, kumbe naangalia miguu yake.

Mchezo huu si wangu. Mwanasaikolojia Mmarekani David McClelland aliutumia kuchunguza hitaji la kufanikiwa, ambalo mwanasaikolojia mwenzake Henry Murray alikuwa ameliandikia mwaka 1938. Wenye kiu hiyo hawasogei karibu mno, maana hapo hata mtoto angeingiza. Hawaendi mbali mno pia. Kule ukiingiza ni bahati, huwezi kusema ni mkono wako. Husimama pale ambapo pete hukosa, lakini ukirekebisha kiwiko inaingia.

Jaribu nyumbani, pasipo na wa kukushangilia. Ukijikuta umeinamia chupa, pengine unaogopa kushindwa. Ukirudi hadi mlangoni, usijisifu bado. Huenda ni woga uleule, kwa sababu nani atakulaumu kwa kukosa kutoka huko?

Sasa hamishia kazini. Mimi nilisimama mlangoni mwaka ule nilipokubali sare sitini za shule kwa siku nane, nina cherehani moja. Jirani alikuwa ameikataa oda ile, nami nikaona hapo ndipo pa kumwonyesha. Siku ya nane nilikuwa na arobaini na moja, vifungo vya mwisho vimeshonwa na binti yangu kwa taa ya simu, vingine upande usio wake. Zilirudishwa zote.

Tangu hapo nina daftari. Kabla ya kukubali oda, nafungua nione wiki jana nilimaliza mashati mangapi, kisha naongeza moja au mawili. Kichwa hudanganya, daftari lina tarehe.

La pili, panga kazi ikupe jibu mapema. Mwanagenzi hashoni shati zima ndiyo nije kulikagua jioni. Anashona kola, anaikunja katikati, ncha mbili zinalala pamoja au hazilali. Anajiona mwenyewe. Nami simwambii "una kipaji", namwambia "ncha ya kushoto imepita kwa nyuzi mbili". Anafumua, anarudia, wakati mwingine bila kunyanyua macho mteja akiingia.

Wapo ambao kiu yao ni ya kuwa na watu, na McClelland aliliandikia hitaji hilo pia. Mwanagenzi wangu mmoja pete hakuzijali, alikuwa anapiga soga na muuza nyanya. Sikumlazimisha kushindania kola. Siku hizi ndiye anayepima wateja Jumapili, soko likifurika.

Pete tatu kati ya tano zikiingia, rudi nyuma hatua moja.