Mizani imegoma? Angalia na mawazo yako
Wewe unayepanda kilima cha Capri Point, Mwanza, kila alfajiri, chipsi mayai umeacha, na bado uzito haushuki: usikimbilie kupunguza tonge la ugali tena. Jiulize kwanza unalala masaa mangapi, na unalala na nini kichwani. Marejesho ya mkopo, ada, mzigo wa dagaa ulionyeshewa mvua pale soko la samaki la Mwaloni... Msongo ukiwa wa kila siku, homoni ya kotisoli hubaki juu; hamu ya sukari na vya mafuta inapanda, na mafuta yenyewe hupenda kujikusanya tumboni. Ukilala chini ya masaa 7, njaa ya kesho yake si ya kawaida. Ndiyo maana saa nne usiku unajikuta kwa muuza mihogo ya kukaanga, na wala hukuwa na njaa. (Mimi ni soda. Nikikwaruzana na mtu tu, soda.)

Jaribu wiki 2: jioni, kabla ya chakula, tembea dakika 20 taratibu kando ya ziwa, simu umeiacha nyumbani. Ukirudi bado unataka kula, kula, sato wa kuchemsha na mchicha. Na mizani panda mara moja kwa wiki; kujipima kila asubuhi ni kujitafutia presha nyingine.